Baada ya upasuaji wa mbwa au paka: matatizo yanayojitokeza na jinsi ya kuzuia bili isipae

Mshono ulioachia jioni, ukionekana jioni hiyohiyo, mara nyingi hufungwa upya kwa dawa nyepesi ya kumtuliza mnyama na nyuzi chache. Mshono huohuo ukigunduliwa siku tatu baadaye, umeshalambwa na kuingia vijidudu, unadai nusukaputi kamili, kuondolewa kwa nyama iliyokufa, mrija wa kutolea usaha, kipimo cha maabara na antibiotiki za wiki nzima au zaidi. Kidonda ni kilekile, mnyama ni yuleyule. Kilichopandisha bili ni zile siku tatu. Kwa hiyo anayetaka kupunguza gharama aanze na macho yake mwenyewe, mara mbili kwa siku, kwenye mwanga mzuri.

Kabla hamjatoka kliniki, piga picha ya mshono. Hiyo ndiyo picha utakayolinganisha nayo kila asubuhi, na ndiyo daktari atakayotaka kuiona ukimpigia simu. Weka rula au sarafu pembeni ili ukubwa wa uvimbe ujulikane. Ulizia pia saa ya dozi ya mwisho ya dawa ya maumivu waliyompa wao, maana wengi humpa mnyama dozi ya pili wakifika nyumbani bila kujua ya kwanza imeshaingia kwa sindano. Uliza kama nyuzi za nje ni za kutolewa au za kuyeyuka zenyewe. Za kutolewa hukaa siku 10 hadi 14. Na uliza namba ya usiku ni ipi, na nani anaipokea.

Saa 24 za kwanza mnyama akiyumba, akilala sana na kula kidogo, hilo ni la kawaida. Kikohozi chepesi cha siku moja mbili hutokana na mrija wa hewa aliowekwa kooni wakati wa upasuaji. Choo kubwa kinaweza kukosekana siku tatu au nne, kwa kuwa alifunga kula kabla ya upasuaji na baadhi ya dawa za maumivu hupunguza mwendo wa utumbo. Mkojo hauna ruhusa hiyo: saa 24 zikipita bila mkojo, piga simu. Paka dume anayechuchumaa na kujikamua bila kutoa kitu asisubiri hata hizo saa 24.

Vipimo vitatu havikugharimu chochote zaidi ya kipimajoto. Joto la mbwa au paka mzima hukaa takriban kati ya 38 na 39.2, pima njia ya haja kubwa kwa kipimajoto cha kidijitali kilichopakwa mafuta kidogo. Likivuka 39.5 siku ya pili na kuendelea, au likishuka chini ya 37.5, mpigie daktari. Fizi ziwe na rangi ya waridi. Zibonyeze kwa kidole hadi pawe peupe, achia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Zikiwa nyeupe, za kijivu au za bluu, hilo ni la kukimbilia kliniki. Pumzi za mnyama aliyelala hesabu dakika nzima: kwa kawaida hazifiki 30. Andika tarakimu zote pamoja na saa. Daktari akisikia "fizi zilikuwa waridi saa mbili asubuhi, sasa zimepauka" anaamua haraka kuliko akiambiwa "amepoa poa".

Sasa uvimbe kwenye mshono, ambao ndio unaowapeleka watu wengi kliniki usiku bila sababu, na pia ndio unaowafanya wengine walale wakati walipaswa kukimbia. Uvimbe laini, unaochezacheza kama puto lenye maji, usio na joto wala maumivu, uliojitokeza kati ya siku ya pili na ya tano, kwa kawaida ni seroma. Ni majimaji yaliyojaa kwenye nafasi iliyobaki chini ya ngozi, na hujaa zaidi mnyama anaporukaruka kwa sababu tabaka za ngozi na nyama zinasuguana badala ya kushikana. Seroma nyingi hunyonywa na mwili wenyewe ndani ya wiki mbili hadi tatu. Dawa yake ni kumtuliza mnyama na kukanda kwa kitambaa cha uvuguvugu dakika kumi, mara mbili tatu kwa siku. Usiitoboe, wala usimsihi daktari aivute kwa sindano kama si kubwa: majimaji hurudi, na kila sindano ni mlango mpya wa bakteria.

Maambukizi yana sura nyingine. Yanaanza zaidi kuanzia siku ya tatu. Ngozi inapata joto, wekundu unaoenea badala ya kufifia, maumivu ukigusa, harufu, usaha wa njano au kijani, na mnyama anapoteza hamu ya kula. Wekundu mwembamba kandokando ya mshono siku mbili za mwanzo peke yake si maambukizi. Halafu kuna uvimbe wa tatu, wa hatari zaidi kwa aliyefunguliwa tumbo: donge kwenye mstari wa mshono linalorudi ndani ukiligusa kidogo. Hapo huenda mshono wa ukuta wa tumbo umeachia na ngozi peke yake ndiyo inayoshikilia matumbo. Usilibonyezebonyeze kujiridhisha. Mpeleke siku hiyohiyo. Ngozi nayo ikifunguka na utumbo ukatoka, usijaribu kuurudisha ndani. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi (kijiko cha chai kilichosawazishwa katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa), mfunge mnyama ili asijilambe wala kujing'ata, na muondoke.

Kulamba ndiko kunakoharibu mishono mingi. Kola ya koni, ile inayozunguka kichwa kumzuia asifikie mshono, isivuliwe kwa huruma. Ukingo wake upite ncha ya pua kwa sentimita mbili au zaidi, na shingoni ibane kiasi cha vidole viwili kupita. Akishindwa kula nayo, mnyanyulie bakuli au mvue huku umekaa naye, kisha mrudishie kabla hujainuka. Mbwa anahitaji dakika chache tu kung'oa nyuzi zote.

Mshono usiupake spiriti wala haidrojeni peroksaidi, kwa kuwa vyote viwili huua seli changa zinazoziba kidonda. Damu iliyokauka ifute kwa maji ya chumvi yaliyopoa, basi. Kuoga ni mpaka nyuzi zitoke.

Dawa za maumivu zinahitaji ukali kidogo. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja. Damu yake inashindwa kubeba oksijeni na fizi zinageuka kahawia. Ibuprofeni na diklofenaki ni sumu kwa mbwa na paka wote, huchoma tumbo na figo. Hata dawa halali za kundi hilo alizoandika daktari, kama meloksikamu au kaprofeni, mpe pamoja na chakula, usizichanganye na prednisoloni (dawa ya kundi la steroidi), na uache mara moja akitapika, akiharisha, akitoa choo cheusi kama lami au akikataa kunywa maji, kisha upige simu. Dozi iliyosahauliwa hailipizwi kwa kuipa mara mbili.

Paka asiyekula ni jambo la peke yake. Siku mbili hadi tatu bila chakula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili humiminika kwenye ini na kulizidi nguvu, na matibabu yake ni mrija wa kulishia kwa wiki kadhaa. Ni miongoni mwa matatizo ya gharama kubwa kabisa baada ya upasuaji mdogo. Pasha chakula chenye majimaji kiwe vuguvugu ili kinukie, mpe kidogo mara nyingi, na saa 24 zikipita hajala kabisa, mpigie daktari: huenda ni maumivu au kichefuchefu, na vyote vina dawa.

Mnyama aliyekatwa na kushonwa utumbo mwangalie kwa makini zaidi siku ya tatu hadi ya tano. Ndicho kipindi ambacho mshono wa utumbo huvuja kama utavuja. Anaweza kuwa alianza kupata nafuu, kisha ghafla akatapika, akazubaa, akapata homa na tumbo kuuma. Hapo saa zinahesabika.

Aliyewekewa bamba na skrubu mfupani anatembezwa kwa kamba fupi tu, hakuna ngazi, hakuna kurukia kochi, mpaka eksirei ya wiki ya sita hadi ya nane ionyeshe mfupa umeunga. Akianza vizuri kukanyaga halafu ghafla akauinua mguu, usimpe dawa ya maumivu na kumwacha. Skrubu inaweza kuwa imelegea. Bandeji nayo ina hatari zake. Tazama kucha za vidole viwili vya katikati: zikianza kuachana, moja ikienda mbali na nyingine, mguu unavimba na bandeji imebana. Vidole vya baridi, harufu mbaya au bandeji iliyolowa vinadai ifunguliwe siku hiyohiyo. Bandeji iliyobana ikiachwa inaweza kuua ngozi na hata kufikisha mguu kwenye kukatwa. Mfuko wa plastiki wa kukinga maji uvuliwe mnapoingia ndani, maana jasho na unyevu hubaki humo.

Ada ya dharura ya usiku huwa juu ya ile ya mchana, kwa hiyo ujue kinachongoja asubuhi. Kinangoja: seroma, uzi mmoja uliotoka huku kingo za kidonda zimeshikana, mlo mmoja uliokataliwa, choo laini mara moja. Mvalishe kola, piga picha, lala. Kisichongoja: fizi zilizopauka, kupumua kwa shida, tumbo linalovimba huku mnyama analegea, damu isiyokoma baada ya kuibana kwa shashi dakika kumi bila kuchungulia, kutapika mfululizo, kifafa, au mnyama asiyeamka. Ada ya usiku kwa haya ni ndogo mno ukilinganisha na unachoepuka.

Tuje kwenye fedha. Makadirio ya gharama yaombwe kwa maandishi kabla ya upasuaji, yenye kiwango cha chini na cha juu, na yaseme wazi kama kola, dawa za nyumbani, kuonwa tena na kutoa nyuzi vimo ndani. Tamka kikomo chako: "Mkikaribia kiasi hiki nipigieni kwanza." Daktari mzuri hachukii kuambiwa hivyo. Anapanga vizuri zaidi.

Swali linaloumiza wengi ni nani analipa upasuaji wa kurudia. Bili ya kurudia ina mafungu matatu: kazi ya daktari, nusukaputi, na vifaa na dawa. Baadhi ya kliniki hupunguza au kufuta fungu la kwanza tatizo likitokea bila kosa la mwenye mnyama, lakini mawili yaliyobaki hulipwa. Mnyama akiwa amejilamba kwa kuvuliwa kola, yote yanaangukia kwako. Uliza utaratibu huo siku ya makadirio, wakati hakuna aliye na hasira. Tatizo likishatokea, omba nakala ya faili lote: maelezo ya upasuaji, karatasi ya nusukaputi, majibu ya maabara na picha za eksirei zenyewe. Ukitaka maoni ya daktari wa pili, nakala hizo zitakuepusha kulipia vipimo vilevile upya.

Kidonda kilichofunguka kinaweza kuachwa kizibe chenyewe kwa bandeji, na mara nyingi hilo huonekana njia rahisi. Piga hesabu kwanza. Mwanzoni bandeji hubadilishwa kila siku, baadaye kila siku mbili tatu, na kidonda kikubwa huchukua wiki tatu nne. Zidisha. Wakati mwingine kushona upya mara moja ni nafuu kuliko ziara zote hizo, ilimradi kidonda ni kisafi.

Antibiotiki ya kwanza isipofanya kazi, kataa kwa upole kurushiwa ya pili kwa kubahatisha. Omba kipimo cha kuotesha bakteria kutoka kwenye kidonda na kuona dawa ipi inawaua, sampuli ichukuliwe kabla ya dawa mpya kuanza. Kipimo hicho huweza kuwa nafuu kuliko kozi mbili za dawa zisizofaa, hasa palipo na bamba la chuma, ambalo bakteria hulishikilia kwa ukaidi mpaka wakati mwingine litolewe.

Uvimbe uliokatwa upimwe maabara. Kama fedha haipo leo, omba utunzwe kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, ili upimwe baadaye. Ukitupwa, daktari hatajua kama kingo zilikuwa safi, yaani hazikubaki na seli za uvimbe.

Mwenye bima asome vitu vinne kabla hajategemea chochote: muda wa kusubiri, kiasi anachobeba mwenyewe, ukomo wa mwaka, na kama matatizo ya upasuaji wa hiari, mfano kufunga kizazi, yamo. Bima nyingi hukataa tatizo lililoanza kabla bima yenyewe haijaanza. Omba idhini ya mapema pale inapowezekana.

Asiye na bima aseme mapema kiasi alichonacho na aombe kulipa kwa awamu kabla bili haijachelewa. Hospitali za kufundishia za vyuo vya udaktari wa mifugo wakati mwingine hutoza kidogo. Dawa kadhaa hupatikana katika famasi za watu kwa cheti cha daktari, lakini gabapentini (dawa ya maumivu) ya maji ya binadamu huweza kuwa na zailitoli, utamu ambao ni sumu kwa mbwa. Mwombe daktari aandike vidonge au kapsuli.

Na aliyemfanyia mbwa upasuaji wa ukano wa goti aanze kuweka akiba tena siku nyuzi zinapotoka. Mbwa wengi hukatikiwa na ukano wa goti la pili katika miaka inayofuata. Kumpunguza uzito ndicho kinachopunguza mzigo kwenye goti hilo, na kazi hiyo inaanza kwa kupima chakula chake kwa mizani kila mlo.