Mtama wa Tandale na kovu la punje

Ukinunua mtama soko la Tandale, Dar es Salaam, usiupepete wote kwanza. Tafuta punje iliyobaki na kumvi lake, geuza kitako chake. Utaona palipochanika, pana ncha ncha: iling'olewa kwa kipigo. Punje ya mtama pori hudondoka yenyewe ikiiva, ikiacha kovu laini.

Kovu hilo ndilo ushahidi wenyewe wa mtama kufugwa, yaani kugeuka kutoka mmea wa pori kuwa zao la shambani. Mashariki mwa Sudan, karibu na Kassala, wafinyanzi wa miaka 5,000 hivi iliyopita walichanganya pumba kwenye udongo wa vyungu. Moto ukaziunguza, alama zikabaki. Watafiti walizitolea kopi kwa silikoni, wakazitazama kwa hadubini: makovu laini na yaliyochanika yamo pamoja. Mtama ulikuwa bado njiani kufugwa!

Kinachoubadilisha ni namna ya kuvuna. Ukikata masuke yaliyokauka, unabeba punje zilizong'ang'ania, na mbegu ya msimu ujao inatoka humo. Ukikung'utia kapuni, unabeba zinazodondoka. Mmea unabaki pori. Ukivuna mbichi, zote zinakuja, hakuna mchujo. Kupanda mbegu kando ya mtama pori nako huchelewesha mabadiliko hayo, maana chavua huchanganyika.