Kibati cha Hiroshima

Nimetoka zamu sasa hivi. Usiku kucha tulikuwa tunashusha mafuta ghafi kutoka kwenye meli yetu.

Nikiwa nafuta tabini, mashine inayozungushwa na mvuke na kuendesha pampu ya shehena, kitambaa kikafichua kibati chenye jina la mtengenezaji: Shinko, Hiroshima.

Nikasimama.

Kampuni hii ilianza 1938. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wao ukapigwa bomu la atomiki. Na bado wapo, pampu zao zinashusha mafuta kwenye meli kama hii yetu.

Tabini iko upande huu, pampu iko nyuma ya ukuta wa chuma. Shafti, mhimili unaoziunganisha, imepenya ukuta huo, ili joto lisikutane na hewa ya mafuta.

Nikaweka kiganja ukutani. Unatetemeka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Mabaharia wenzangu, huko kwenu mna pampu za nani?