Mfupa wa ng'ombe kwenye taya la mama

Leo nimempeleka mama kukaguliwa jino lake la kupandikiza. Wakati wa kulipandikiza, mfupa wa taya ulikuwa umepungua, ukajazwa kwanza chembechembe za mfupa wa ng'ombe. (Alihakikisha si wa nguruwe ndipo akakubali.)

Daktari akafungua picha ya eksirei.

Zile chembe bado zipo!
Nyeupe, kama punje za chumvi, zimeizunguka skrubu ya titani inayoshikilia jino.

Moyo ukanipasuka kwa hofu. Kumbe ndivyo inavyokuwa: protini ya mfupa wa ng'ombe huondolewa kiwandani, hubaki madini tu, nayo huyeyuka polepole mno. Mfupa wa mama mwenyewe umeota katikati na kuzishika.

Ili jino lidumu, tuchunge fizi na sukari ya damu, basi.

Alhamdulillah, nina furaha jamani! 

Wenye wazazi waliowekewa meno kama haya, yao yamekaaje?