Namna nilivyoipima orodha ya divai ya mgahawa wa steki hapa Lubumbashi

Orodha yenyewe ilikuwa na jalada la ngozi na majina 64, na katika ukurasa wa divai nyekundu, mstari wa tatu, paliandikwa "Chablis". Chablis ni divai nyeupe. Inatoka kaskazini mwa Burgundy, Ufaransa, na zabibu yake ni Chardonnay tu. Nililiona jina hilo hata kabla maji hayajafika mezani, nikatoa kalamu mfukoni.

Mwenye mgahawa ni mama mmoja tuliyesali naye parokia moja kwa miaka mingi. Mgahawa wake uko mtaa wa Golf, nyama yake ni nzuri kwelikweli, na Ijumaa jioni ukichelewa hupati meza. Lakini wateja walikuwa wanakula steki ya dola 40 wakiisindikiza na bia ya Simba baridi, huku chupa za divai zikikaa rafuni zikipata vumbi. Akanipigia simu. "Papa, weye unajuaka hii kazi ya divai. Kuya uangalie, uniambie kweli."

Kazi anayoisema ni ya forodha. Nimekuwa wakala Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa miaka 14, na sehemu kubwa ya muda huo nimeshughulikia vinywaji. Divai inaingia chini ya kifungu 22.04 cha ushuru. Zile zenye mapovu zina mstari wao, za chupa za kawaida zina wao. Lori likifika, nataka kujua mzigo umetengenezwa na nani, umetoka wapi, chupa ngapi, za ujazo gani, kileo asilimia ngapi, mwaka gani. Nilianza kuionja kwa sababu nilitaka kujua kwa nini sanduku moja lina bei mara sita ya jingine na yote mawili yametoka Stellenbosch, Afrika Kusini. Kuanzia hapo sikuacha.

Kwa hiyo orodha ile niliisoma kama ninavyosoma tamko la mzigo, na kama tamko isingevuka mpaka. Majina 41 hayakuwa na mwaka. Mengine 23 hayakuwa hata na mtengenezaji. "Shiraz, Afrika Kusini, dola 45." Shiraz ni jina la zabibu tu; ya nani? Afrika Kusini ina mamia ya watengenezaji wa divai, na katika hao wamo wanaoibembeleza zabibu shambani na wamo wanaojaza matangi. Palikuwa na "Margaux" ya dola 180, basi. Margaux ni eneo la Bordeaux, Ufaransa, lenye nyumba nyingi za divai. Château Margaux ni nyumba moja humo, iliyowekwa daraja la kwanza mwaka 1855 pamoja na nyingine tatu. Mteja anayeliona jina hilo peke yake anaweza kudhani analipia ile kubwa. Sikuamini kama mama alikusudia kumdanganya mtu, na nilipomuuliza baadaye alishtuka kweli. Lakini aliyelipa dola 180 hajali nia yako ilikuwa nini.

Nilimwita mhudumu, kijana mwenye adabu, shati limenyooka. "Mudogo, hii Sauvignon blanc iko ya mwaka gani?"

"Sijue, papa. Ngoja niende niangalie."

Akaenda, akarudi na chupa yenyewe badala ya kubuni jibu. Nikaandika hilo kwanza, upande wa mazuri. Chupa ilikuwa na miaka saba. Sauvignon blanc ya kawaida hunywewa mapema, mwaka wa kwanza hadi wa tatu, ikiwa bado na ile harufu ya majani mabichi na limau. Baada ya miaka saba kilichobaki ni maji ya njano yenye uchachu. Na nyeupe nne nyingine kwenye orodha zilikuwa za umri huohuo, masalia ya mzigo mmoja wa zamani.

Kisha nikaagiza nyekundu kwa glasi, Cabernet Sauvignon, na steki ya mbavu yenye mafuta. Ilikuwa Oktoba. Anayeijua Oktoba ya Lubumbashi, mvua bado inasuasua na ukuta unatoa joto hata saa mbili usiku, ataelewa kilichofuata. Huwa natembea na kipimajoto kidogo cha jikoni. Nilikitia ndani ya glasi, kikasoma nyuzi 27.

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya Simba. Watu wanarudia kwamba divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba, lakini chumba kinachosemwa ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Kwa nyuzi 27 kileo kinatangulia kila kitu, kinapanda puani, zabibu huisikii. Na sisi mezani pilipili haikosi, iwe ni michopo, nyama choma ya barabarani, au steki ya Golf. Pilipili na kileo cha asilimia 14.5 kikiwa cha moto ni moto juu ya moto. Mteja akionja glasi kama hiyo mara moja anaagiza bia, na ana haki. Walikuwa wanaikimbia divai kwa sababu hawajawahi kupewa divai iliyo sawa, wakati mama akiamini kwamba watu wa hapa hawaipendi.

Nilimwomba kijana alete ndoo yenye barafu na maji, nikaagiza chupa nzima ya ileile, nikaizamisha dakika 20. Ilipofika nyuzi 17 nikamwita mama aje aonje glasi mbili, ya kwanza na hii, kila moja na kipande cha nyama chenye mafuta na chumvi. Hakusema neno. Alikata kipande cha pili, akaonja tena ile ya baridi. Mafuta na protini za nyama huishika tanini, ule ukali unaokausha ulimi, na chumvi huulainisha zaidi; ndipo tunda linapojitokeza. Mama ana ulimi wa mpishi, sikuhitaji kumweleza zaidi.

Jumatatu mgahawa umefungwa, nikaenda kuona stoo. Ilikuwa chumba kinachopakana na jiko la makaa. Ukuta ule mmoja. Chupa zimesimama wima, vizibo vinakauka, na umeme ukikatika jenereta inawasha friji za nyama tu. Nilizipitia chupa moja moja. Ya kizibo, nilipapasa juu kwa kidole gumba: kizibo kikiwa kimeinuka kikasukuma kifuniko chake, au kuna alama nata ya divai iliyotiririka shingoni, hiyo divai imepikwa na joto. Wakati mwingine imepikwa stoo, na wakati mwingine ilipikwa kabla. Kutoka Cape Town mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 3,000 kupitia mpaka wa Chirundu au wa Kazungula, na nimeona malori yakikaa foleni juani Kasumbalesa siku nyingi mno. Chupa za kifuniko cha kuzungusha hazionyeshi dalili, lazima ufungue. Tulifungua 11, tukamwaga 6. Harufu ilikuwa ya jamu iliyoungua, na mama alisimama kwenye sinki akiangalia pesa yake ikienda. Nilimwonea uchungu.

Kwa chupa za Afrika Kusini nilimwonyesha pia ile stika ndogo yenye namba shingoni, ya utaratibu wao wa kuthibitisha asili ulioanza mwaka 1973. Ikitajwa Stellenbosch, zabibu zote zimetoka Stellenbosch. Zabibu ikitajwa peke yake, au mwaka ukitajwa, angalau asilimia 85 ya kilicho ndani ni hicho. Yaani kila alichohitaji kuandika kwenye orodha yake kilikuwa tayari kwenye chupa, na kimeshakaguliwa. Kilichobaki ni kunakili.

Bei tulizimaliza haraka kwa sababu ankara nilizijua. Chupa aliyoinunua kwa dola 8 ilikuwa inauzwa 45, na ya dola 60 inauzwa 120. Anayeagiza ya chini, pengine kijana anayemtoa mchumba wake kwa mara ya kwanza, ndiye aliyekuwa anapandishiwa zaidi ya mara tano. Nilimwambia hilo haliko sawa, na si biashara nzuri pia, maana huyo ndiye mteja wa kesho. Ya dola 8 ikashuka hadi 26. Glasi ikawa ya sentilita 15, tano kwa chupa, na chupa iliyofunguliwa haivuki siku ya pili.

Tulibaki na majina 22. Cabernet mbili na Malbec ya Mendoza, Argentina, kwa steki ya mbavu. Pinot noir ya Walker Bay, Afrika Kusini, kwa fileti, ambayo haina mafuta ya kuzuia tanini nzito. Cinsaut moja nyepesi ya kunywa ikiwa baridi kabisa, kwa wenye pilipili, na Pinotage, mtoto wa Pinot noir na hiyo Cinsaut, aliyezalishwa na mtaalamu wa Afrika Kusini, Perold, mwaka 1925. Nyeupe nikasisitiza Chenin blanc, zabibu inayolimwa kuliko zote Afrika Kusini, bei yake haiumizi. Chablis ikahamia upande wake.

Tulibishana juu ya Margaux. Mimi nilitaka iondoke. Mama akakataa: wakubwa wa migodi wanapoleta wageni wanatafuta jina kubwa, asipokuwa nalo wanaenda kwingine. Nilikubali kwa sharti moja, nyumba iliyoitengeneza na mwaka viandikwe kwa herufi zilezile za jina kubwa. Akakubali. Stoo ikahamia chumba cha upande wa kusini, chupa zikalala, na jenereta ikaongezewa waya mmoja.

Jalada la ngozi limeondolewa. Sasa ni karatasi mbili zinazochapishwa upya kila mzigo ukifika. Mwezi uliopita nilipita pale na shemeji yangu, tukaagiza ile Pinot noir. Kijana yuleyule akaja na chupa mbili, ametandika kitambaa mkononi, zote zina ubaridi unaotoa jasho kwenye kioo.

"Papa, hii njo ya mwisho ya 2021. Hii ingine iko ya 2022, imefika juzi. Nifungue gani?"

Nikamwambia afungue ya 2021, na alete glasi ya tatu, aonje na yeye.