Saa ya Sindano: Nilivyotenganisha Hatua za Kumbukumbu za Panya

Nilipoanza utafiti wangu wa shahada ya uzamili ya famakolojia, yaani sayansi ya dawa, nilitaka kujua kama dawa inaweza kuongeza kumbukumbu ya panya. Msimamizi wangu alinitaka kwanza nitaje hatua ninayoikusudia, kwa sababu panya anayefaulu jaribio la kesho huenda dawa ilimsaidia kujifunza, au kuimarisha alichokwisha kujifunza, au kukikumbuka siku ya kupimwa, na kwa macho huwezi kujua ni ipi kati ya hizo.

Hatua hizi hutenganishwa kwa saa ya sindano. Dawa inayodungwa kabla ya somo hugusa usikivu, hofu na mwendo wa mnyama pamoja na kujifunza kwenyewe. Inayodungwa kabla ya jaribio hugusa ukumbukaji, lakini nayo humkuta panya akiwa bado chini ya nguvu yake. Ikidungwa baada ya somo, panya amejifunza akiwa hana dawa, na kesho yake atapimwa ikiwa imekwisha mwilini, hivyo kinachoguswa hasa ni uimarishaji. James McGaugh, mtafiti wa kumbukumbu wa Marekani, alifuata mantiki hii tangu miaka ya 1960 kwa vichangamsha ubongo kama pikrotoksini.

Nilichagua jaribio la kutambua kitu kipya, lililoelezwa na watafiti Ennaceur na Delacour mwaka 1988, kwa kuwa halihitaji kumshindisha panya na njaa wala kumpiga shoti ya umeme. Panya huachwa kwa dakika 3 na vitu viwili vinavyofanana, kisha baada ya saa 24 hurudishwa na kukuta kimojawapo kimebadilishwa. Anayekumbuka hukinusa kigeni kwa muda mrefu zaidi. Baada ya saa 24 panya asiyepewa dawa huwa amesahau, na ndiyo maana dawa hupata nafasi ya kuonyesha kazi yake. Kupima kunahitaji macho makini: nilihesabu muda pale tu pua ilipokigusa kitu au kukielekea kwa umbali usiozidi sentimita 2, na panya aliyekikalia sikumhesabia. Vitu vilikuwa vizito asiweze kuvisukuma, na nilivifuta kwa alkoholi kila alipotoka mmoja, ili anayefuata asikute harufu ya mwenzake.

Dawa yenyewe ilikuwa rolipramu, inayozuia kimeng'enya cha fosfodiesterasi aina ya 4 ili cAMP, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya seli, isivunjwe haraka. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walichapisha mwaka 2007 kwamba rolipramu huwasaidia panya inapodungwa saa 3 baada ya somo lakini si mara tu baada yake, ilhali vardenafili, dawa inayolinda cGMP, kemikali nyingine ya ujumbe, husaidia mara tu baada ya somo na si saa 3 baadaye. Jambo hilo lilinivutia kuliko yote, kwani maana yake ni kwamba hata uimarishaji una awamu ya mapema na ya baadaye, kila moja na kemia yake.

Ugumu ulikuwa kwamba sindano nayo humshtua mnyama, na homoni za mshtuko zinaweza kubadili kumbukumbu. Kwa hiyo kila panya alidungwa mara mbili, mara tu baada ya somo na saa 3 baadaye, lakini dawa ilikuwa katika sindano moja tu na nyingine ilikuwa kiyeyusho kitupu; kundi la kulinganisha lilipata kiyeyusho mara zote mbili. Fundi sanifu wa maabara ndiye aliyeweka alama kwenye chupa, nami sikujua yupi kapewa nini hadi hesabu zilipokamilika. Mzee huyo pia alinisisitizia niwazoeshe panya kushikwa kabla ya kuanza. "Binti," aliniambia, "panya anayeuogopa mkono wako atakuonyesha hofu yake tu."

Matokeo yalipofunguliwa, waliopata rolipramu saa 3 baada ya somo walikinusa kitu kigeni kwa muda mrefu zaidi, na waliopata dawa mapema hawakutofautiana na kundi la kiyeyusho. Katika tasnifu niliandika kwamba rolipramu ilisaidia awamu ya baadaye ya uimarishaji, katika jaribio hili na kwa kipimo hiki cha dawa. Wapo walioniona nabana mno maneno, lakini nashikilia kwamba utafiti uliodunga dawa kabla ya somo peke yake haujathibitisha kuwa dawa hiyo inaongeza kumbukumbu.