Kisima cha bibi Msasani na ile hesabu ya 40

Juzi tumekabidhi ripoti ya kosiweki ya haidrojiolojia na tangu siku hiyo nimekuwa nataka kuandika hapa, sio habari ya maksi, maksi bado hazijatoka, ila kuna kitu nimekiona kwenye kile kisima cha bibi yangu Msasani ambacho nimekinywea maji tangu mtoto na sikuwahi kukielewa mpaka mwaka huu wa 3.

Haidrojiolojia kwa ambao hamjaisoma ni somo la maji ya chini ya ardhi, yanakaa wapi, yanatembeaje, yanaingiaje na yanatokaje. Kazi yetu ilikuwa fupi tu ukiisoma kwenye karatasi: kila kundi litafute visima 5 ndani ya Dar, mpime, mseme maji yako hivyo kwa sababu gani. Kundi letu tulikuwa 6, na mimi nikasema kisima cha kwanza ninacho tayari.

Basi tukaenda Msasani Jumamosi asubuhi. Shikamoo bibi, marahaba, karibuni wajukuu zangu, chai ya maziwa na vitumbua kwanza kabla ya mita kutoka kwenye begi, maana kwa bibi hufanyi kazi na tumbo tupu. Kile kisima alikichimba babu na wenzake kwa majembe na sururu, sio kirefu, na bibi anasema zamani maji yake yalikuwa matamu kabisa, majirani walikuwa wanakuja na ndoo asubuhi na jioni na hakuna aliyelipa. Siku hizi anafulia na kuoshea vyombo tu, na hata kufulia sabuni haitoi povu vizuri, maji ya chai ananunua kwa dumu. Nilipomuuliza yalianza lini kubadilika akaniambia, "Mke mwenzangu, hayakubadilika siku moja, yalikuja na chumvi kidogo kidogo kama mtu anayeonja mchuzi." Sentensi hiyo nimeiandika kwenye notibuku ya filidi vile vile ilivyo kwa sababu ndivyo inavyotokea kweli.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Maji yenye chumvi yanapitisha umeme kuliko maji matamu, kwa hiyo unatumbukiza kondaktiviti mita unasoma namba. Maji ya bahari yanasoma kama 50,000 kwa kipimo cha maikrosimensi kwa sentimita, maji mazuri ya kunywa yanakuwa mamia tu. Ya bibi yalipita 4,000. Afu tukachukua sampuli tukaenda nayo maabara kupima kloridi, ile sehemu kubwa ya chumvi, kwa kemikali ya maabara inayoitwa silva naitreti, unadondosha tone kwa tone mpaka ile rangi ya njano igeuke wekundu wa kahawia, na ukigusa hiyo silva naitreti vidole vinakuwa vyeusi siku kadhaa, mimi nimetembea na vidole vyeusi wiki nzima. Kloridi ikizidi miligramu 250 hivi kwa lita ulimi unaanza kuisikia, ya bibi huhitaji ulimi makini.

Sasa hapa ndipo patamu. Darasani tulishafundishwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, mmoja Mholanzi aliyeandika mwishoni mwa miaka ya 1880 na mwingine Mjerumani mwaka 1901, kila mtu na kazi yake, wakafika kwenye jibu moja. Niliikariri kwenye madesa kama ninavyokariri vingine. Inasema hivi: mwambao wa bahari, chini ya ardhi, maji matamu ya mvua yamekaa juu ya maji ya bahari. Hakuna ukuta katikati, yameelea tu kama tui zito lilivyopanda juu ya sufuria, kwa sababu ni mepesi kidogo. Lita ya maji matamu ni kilo 1, lita ya maji ya bahari ni kama kilo 1.025. Tofauti ndogo sana hiyo, lakini ukiipigia hesabu unapata kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyoko juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa wa bahari. Mita 1 juu inashikilia mita 40 chini.

Ukisoma haraka unaona ni habari njema, tuna maji mengi. Igeuze. Ukivuta maji mpaka ile mita 1 ikapungua ikawa nusu, kule chini unapoteza mita 20, na chumvi inapanda juu kuja kuziba hiyo nafasi. Haifanyi hivyo kwa siku moja, inachukua miaka, na udongo halisi una matabaka ya mchanga na mfinyanzi kwa hiyo haiendi sawasawa kama kwenye karatasi, ila mwelekeo ni huo huo. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pale uani kwa bibi nachora ule mchoro wa lenzi ya maji matamu, yaani lile tabaka lililoelea, nikanyanyua macho nikaona pampu ya jirani, na ya jirani wa pili, na ghorofa la nyuma lenye matenki manne juu, nikaelewa. Babu alikuwa anavuta kwa kamba na ndoo. Kamba na ndoo haziwezi kushusha mita 1. Pampu zinazovuta asubuhi mpaka usiku mtaa mzima zinaweza, afu huku juu tumeweka lami na pevingi na mifereji ya saruji inayokimbiza mvua ya masika moja kwa moja baharini, wakati Dar inapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka na hayo maji yangepata udongo wa kuzama ndiyo yangeisukuma chumvi irudi.

Bibi naye alitufundisha. Alituambia tupime kina wakati wa bamvua, maji yakijaa, kwa sababu yeye ameona siku nyingi kwamba kisima kinapumua na bahari. Tukashusha kamba yenye alama, tukasubiri, na kweli maji yalipanda kidogo bahari ilipojaa na yakashuka ilipokupwa. Kwenye vitabu hiyo ni dalili kwamba tabaka la maji linawasiliana na bahari. Bibi hajasoma kitabu hicho, amechota maji miaka 50.

Ila kuna kosa tulifanya na nataka nilieleze vizuri kwa sababu lingeweza kumuumiza mtu. Kisima chetu cha 4 kilikuwa Tandale, kilomita kadhaa kutoka baharini, na chenyewe kilisoma chumvi. Sisi akili ilishajaa Ghyben na Herzberg, tukaandika bahari imeingia, tukasonga mbele. Dokta anayetufundisha aliposoma rasimu akatuuliza kitu kimoja tu: naitreti mmepima? Hatukupima. Hii sio ile silva naitreti ya maabara, ni naitreti inayoingia kwenye maji kutoka kwenye uchafu kama wa vyooni. Tukarudi, tukapima, na naitreti ilikuwa juu ya miligramu 50 kwa lita ambayo ndiyo mwisho wa kipimo cha WHO, Shirika la Afya Duniani. Hiyo sio bahari. Bahari haileti naitreti namna hiyo. Ni vyoo vya shimo, nyumba zimebanana, choo kiko hatua chache kutoka kisimani, na mkojo una chumvi kama unavyojua, kwa hiyo ulimi unaonja chumvi ile ile lakini chanzo ni kingine kabisa. Msasani ukipunguza kuvuta unasaidia. Tandale unaweza kufunga pampu zote na naitreti ikabaki pale pale mpaka vyoo vishughulikiwe.

Na yule mama mwenye nyumba alikuwa anachemsha yale maji anakorogea maziwa ya unga ya mtoto mchanga. Kuchemsha kunaua vijidudu, ni sahihi kuchemsha, lakini naitreti haiondoki kwa moto, maji yanapungua na yenyewe inabaki, inazidi kukolea. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa kwa maji hayo damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni. Hatukusubiri ripoti ikamilike. Tulipanda daladala jioni ile ile, mimi na mwenzangu mmoja, tukamweleza taratibu, akatusikiliza, akaagiza dumu la maji mengine kwa ajili ya mtoto tukiwa bado tumekaa. Kama nimesoma miaka 3 kwa ajili ya jioni ile peke yake mimi nimeridhika.

Ndio maana inaniuma kwamba mifano mingi kwenye slaidi zetu ni ya Uholanzi na Florida. Ni mifano mizuri, sikatai, hesabu ni zile zile. Lakini tunakaa mji wa pwani wenye watu mamilioni, visima viko kila uani, na mwanafunzi anaweza kumaliza digrii bila kuinamia hata kimoja. Kama uko mwaka wa 1 au wa 2 na hii kozi bado inakuja, usisubiri kosiweki, omba mita wikiendi moja nenda kwenye kisima cha kwenu.

Jana nilirudi Msasani kumpelekea bibi majibu. Nikamchorea kwenye mchanga kwa kijiti, bahari hapa, kisima hapa, maji matamu yameelea, mita 1 na mita 40. Aliangalia muda mrefu. Akaniuliza, "Sasa mke mwenzangu, mimi nikiacha kuvuta na huyu wa ghorofa akaendelea, maji yangu yatarudi?" Nikamwambia hapana bibi, huko chini maji yenu ni mamoja. Akasema basi nimwitie mjumbe Jumapili nije na mchoro wangu na ile mita. Nimeshaiazima.