Bibi wa kwenye lifti

Jana lile grupu letu la WhatsApp la safari ya Austria, nililodhani lishakufa, limefufuka ghafla, mtu katupia picha tumesimama na skii za kuteleza kwenye theluji mabegani kama watu tunaojua tunachofanya, na wengine washaanza kuulizana mwakani tunarudi au vipi. Dada mmoja wa Mbeya kajibu "mi nakuja kula tu".

Wanachocheka ni picha za mieleka, na kweli nilianguka sana, ila mi nikiziona namkumbuka bibi mmoja.

Ilikuwa Axamer Lizum, juu ya Innsbruck, pale walipofanyia Olimpiki za 1964 na 1976. Wenzangu walishatangulia, nikajikuta kwenye kiti cha lifti ya mlimani, ile inayoning'inia kwenye waya, na bibi mwembamba wa Kitiroli, mwenyeji wa mkoa ule, mvi zinachungulia chini ya helmeti. Katikati ya safari lifti ikasimama, nadhani kuna mtu kaanguka huko juu wakati wa kushuka, basi tukabaki tunaning'inia hewani, skii zinavuta miguu, mabuti yamebana hadi ugoko unauma, upepo unakiyumbisha kiti na chini kabisa misonobari imeelemewa na theluji. Bibi akavua glavu moja, akatoa pipi ya mnanaa akanipa, akauliza natokea wapi. Tanzania. Tanzania wapi? Moshi.

Aisee, alivyonigeukia kiti kikacheza nikashika chuma kwa mikono miwili. "Marangu!" Akaanza kuhesabu kwa vidole, Mandara, Horombo, Kibo, Gilman's, Uhuru. Kumbe kapanda Kilimanjaro. Anakumbuka chai na bisi za jioni, anamkumbuka kijana aliyekuwa anamletea maji ya moto ya kunawa kwenye kibeseni, jina ndo limempotea. Akanipa na historia, kwamba Ludwig Purtscheller aliyekuwa wa kwanza kufika kileleni pamoja na Mjerumani Hans Meyer tarehe 6 Oktoba 1889 ni mzaliwa wa Innsbruck, na siku ile ile alikuwa anatimiza miaka 40. Mi nimekua nasikia habari za Mzee Yohani Lauwo, anayesemekana ndiye aliyewaongoza, huyu Mtiroli na bethdei yake sikuwahi kuambiwa.

"Na wewe, kule juu ulipaonaje?"

Nikamwambia sijawahi kupanda. Mlima ukifunguka asubuhi nauona kutoka jikoni kwetu, ila geti sijavuka. Na hapo tulikuwa tunaelekea kilele cha Hoadl, mita 2,340 tu, wakati hata Mandara wanapolala usiku wa kwanza ni 2,720. Akashangaa kwa adabu. Nikaona nijitetee, nikasema mjomba wangu ni mgumu, kawabebea wageni mizigo miaka na miaka, halafu nikajikuta naongeza kwamba na yeye kileleni hajafika, maana kazi ya wagumu wengi inaishia kambini, usiku ule wa mwisho wageni wanapanda na waongozaji. Bibi akanyamaza. Akawa anaangalia ncha za skii zake. Lifti ikashtuka, ikaendelea, na tulipofika juu yeye akaserereka huyoo, mi nikabaki natafuta pa kushika.

Baada ya hapo tukaenda Salzburg, mapaja yanauma kiasi kwamba ngazi tulikuwa tunashuka kinyumenyume, mvua, Mozart kila duka mpaka kwenye chokoleti. Ngome ya Hohensalzburg nimeiona kwa chini, inatosha. Nilichokigundua tu ni kwamba Purtscheller alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo hapo hapo Salzburg, na nilivyokuwa nasubiri kahawa ya bei ya kuku mzima nikampigia mjomba nimsimulie yote, Purtscheller, bibi, kibeseni.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo bibi yule kijana alimwachia tip?"

Nikamwambia sikuuliza.

"Ungeuliza, mama."